Baiskeli kwa kundi wakati wa baridi: mteremko ndio wa kuogopa

Ikifika Juni, watu wa nyanda za juu hawahitaji kuambiwa kuwa kuna baridi. Njombe, Makete, Mufindi na Mbeya kwa upande wa Tanzania, Limuru, Kinangop, Molo na Timboroa kwa upande wa Kenya, kote huko kipupwe huja na ukungu wa asubuhi na manyunyu. Sehemu za juu zaidi hupata hata sakitu, ile barafu nyembamba inayounguza majani ya viazi. Na ni asubuhi hizo hizo ambapo makundi ya baiskeli yako barabarani: wapeleka maziwa, wafanyabiashara wanaowahi mnada, mafundi ujenzi, wanafunzi wanaokaa mbali na shule, na vijana wanaoendesha kwa mazoezi.

Kutoka kwa kundi ni jambo zuri. Pancha ikitokea kuna mwenye pampu, giza likiwa bado nene kuna sauti za wenzako, na mlima hupungua urefu mnapoupanda mkiongea. Lakini baridi ina namna yake ya kulishika kundi, tofauti na inavyomshika mtu aliye peke yake. Katika makala hii tunaeleza kwa nini mwendesha baiskeli hupoa haraka kuliko mwenda kwa miguu, kwa nini hatari huja wakati wa kushuka na si wakati wa kupanda, na jinsi ya kumtambua mwenzenu ambaye mwili wake umeanza kushindwa.

Upepo unaoutengeneza mwenyewe

Mwili wa mtu hupasha joto tabaka jembamba la hewa linaloizunguka ngozi. Ukikaa mahali pasipo na upepo, tabaka hilo hubaki na kukulinda. Upepo ukivuma huliondoa, mwili hulazimika kupasha jingine, nalo huondolewa, na hivyo hivyo. Ndiyo maana asubuhi ya upepo huwa kali kuliko asubuhi tulivu, hata kama kipimajoto kinaonyesha namba ile ile.

Mwendesha baiskeli hangoji upepo uvume. Anautengeneza mwenyewe. Asubuhi tulivu kabisa, ukishuka kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, uso na mikono yako viko kwenye upepo wa kilomita 30 kwa saa. Kuna kanuni ya hesabu ambayo mamlaka za hali ya hewa za Marekani na Kanada huitumia tangu 2001 kukadiria jinsi ngozi inavyohisi baridi penye upepo. Kwa kanuni hiyo, hewa ya nyuzi 5 za Selsiasi ikikutana na upepo wa kilomita 15 kwa saa, ngozi huhisi kama nyuzi 2. Upepo ukifika kilomita 30 kwa saa, huhisi kama sifuri. Kwa hiyo mtu anayetembea na mtu anayeshuka kwa baiskeli kwenye barabara moja, saa moja, hawako kwenye baridi moja.

Ongeza na urefu wa milima. Kwa kawaida joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Anayetoka bondeni penye nyuzi 14 akapanda kiasi hicho atakuta nyuzi 8 kileleni, na pengine wingu limekaa hapo hapo juu ya barabara.

Bado hatujafika kwenye jambo kubwa zaidi, nalo ni maji. Maji huondoa joto mwilini haraka kuliko hewa iliyotulia, takriban mara 25. Nguo iliyolowa haikukingi tena, inakunyonya joto. Na haijalishi kama imelowa kwa mvua au kwa jasho.

Kwa nini mteremko

Mfikirie mtu mwenye gunia la viazi kwenye keria anayepanda mlima mrefu. Anasukuma pedali kwa nguvu, misuli ya miguu inazalisha joto jingi, mwendo ni mdogo kwa hiyo upepo ni kidogo. Anasikia joto. Anafungua vifungo, fulana inalowa jasho. Akiulizwa hapo kama kuna baridi atacheka.

Kisha anafika juu na kuanza kushuka. Miguu imeacha kufanya kazi, kwa hiyo ule moto umezimwa. Mwendo umeongezeka mara tatu au nne, na upepo vivyo hivyo. Na fulana ni mbichi. Mambo matatu yamemfika kwa pamoja ndani ya dakika moja, na anachotakiwa kufanya wakati huo ni kushika breki kwa vidole ambavyo vinaanza kufa ganzi.

Mfano ulio wazi kuliko yote katika historia ya baiskeli ulitokea Italia tarehe 5 Juni 1988, katika mashindano makubwa ya Giro d'Italia. Siku hiyo waendeshaji walitakiwa kupita mlima wa Gavia, ambao barabara yake inafika mita 2,621 juu ya usawa wa bahari. Chini kulikuwa na mvua, na kadiri walivyopanda mvua ikageuka theluji. Mholanzi Johan van der Velde alifika kileleni wa kwanza, akiwa amevaa jezi ya mikono mifupi. Wakati wa kupanda mavazi hayo hayakumzuia. Aliposhuka, baridi ilimshika hata akalazimika kusimama na kutafuta hifadhi, na alipofika mwisho alikuwa amepitwa kwa zaidi ya dakika 40.

Mmarekani Andy Hampsten alikuwa kwenye mlima huo huo. Viongozi wa timu yake walikuwa wamezunguka madukani asubuhi ile wakinunua nguo za baridi, na karibu na kilele walimpa kofia, glovu na chai ya moto. Hampsten alifika mwisho akiwa wa pili, sekunde 7 nyuma ya Mholanzi Erik Breukink, akachukua jezi ya waridi ya kiongozi, na akaibeba hadi siku ya mwisho. Alikuwa Mmarekani wa kwanza kushinda mashindano hayo. Hatusemi kuwa chai ndiyo iliyomshindia. Lakini angalia ilipowekwa: si mwanzoni, si mwishoni, bali pale kabla ya kushuka.

Miaka minane kabla, Aprili 1980, Mfaransa Bernard Hinault alishinda mashindano ya Liège–Bastogne–Liège huko Ubelgiji katikati ya theluji. Walianza watu 174, wakamaliza 21. Vidole viwili vya Hinault havikurudi kuwa kama zamani. Huyo alikuwa mmoja wa waendeshaji hodari kuliko wote waliopata kuishi, na baridi haikumheshimu.

Msomaji anaweza kusema, hiyo ni theluji ya Ulaya, sisi hatuna. Ni kweli, lakini isitufariji sana. Theluji kavu hukung'utwa kwenye nguo. Mvua ya nyuzi 5 huingia hadi kwenye ngozi na kukaa hapo. Katika mji wa Oulu, kaskazini mwa Finland, watoto huenda shule kwa baiskeli majira yote ya baridi, kwenye njia zinazosafishwa theluji, na wanafika salama kwa sababu ni wakavu na safari zao ni fupi. Mtu aliyelowa chepechepe kwenye nyuzi 8, akiwa na saa mbili mbele yake, yuko kwenye hatari kubwa kuliko mtoto wa Oulu.

Kundi hupoa vipi

Ukiendesha nyuma ya mwenzako, yeye anakukinga upepo. Kwenye mwendo wa mashindano, wa nyuma huokoa takriban robo hadi theluthi ya nguvu zake. Kwa baiskeli zenye mizigo zinazokwenda polepole nafuu hiyo ni ndogo, ila upepo ukivuma kutoka mbele utaiona. Basi wa mbele anachomwa na upepo usoni na vidoleni, na wa nyuma kabisa hafanyi kazi kubwa, kwa hiyo hazalishi joto jingi. Dawa yake inajulikana na kila kundi lenye uzoefu: mpokezane. Dakika chache mbele, kisha rudi nyuma. Asiwepo mmoja anayekaa mbele safari nzima kwa sababu ana baiskeli nzuri.

Tatizo kubwa zaidi ni tofauti ya nguvu. Mnyonge wa kundi anakimbiza wenzake, analowa jasho ambalo asingelitoa kama angekuwa peke yake. Wenye nguvu wanafika juu mapema, wanasimama kumngoja penye upepo, nao wamelowa pia. Anapofika, wenzake wamepoa na wana haraka ya kuondoka, kwa hiyo wanaondoka hapo hapo. Yeye hapati nafasi hata ya kufunga jaketi. Kundi zima limejiweka kwenye baridi, kila mmoja kwa njia yake, na hakuna aliyefanya ubaya.

Kwa hiyo mwendo upangwe na aliye wa polepole tangu nyumbani, si pale atakapochoka. Kama mnapaswa kungojana, msingojane kileleni. Ngojaneni kabla ya kilele penye miti, au ukuta, au kibanda, mahali upepo haufiki. Kileleni pawe pa kufunga nguo tu. Anayefika wa mwisho apewe muda wa kufunga vizuri kama walioanza.

Mwenye pampu, solusheni na viraka akae nyuma. Jambo hili linaonekana dogo mpaka siku ambayo mwenye pampu yuko kilomita mbili mbele na hajui kuwa kuna mtu amepata pancha. Kuziba pancha kwa vidole vyenye ganzi huchukua muda, na muda wa kusimama ndio muda wa kupoa. Mmoja au wawili wazibe, wengine wasikae kuwatazama: watembee, wapige miguu chini, wavae walichobeba. Na muhesabiane. Mlikuwa saba mlipotoka, muwe saba kila mnaposimama.

Nguo ulizonazo

Hatutawashauri mnunue mavazi ya waendeshaji wa Ulaya. Mitumba ina karibu kila kitu kinachohitajika, ukijua unachotafuta. Nguo ya pamba ikilowa hushika maji na kukaa baridi, kwa hiyo fulana ya pamba ndiyo mbaya kuliko zote kuwa karibu na ngozi. Sufu hubaki na joto kiasi hata ikilowa. Jezi za michezo za nailoni au polista hukauka haraka. Basi vaa jezi ndani, sweta la sufu juu yake, na nje kitu cha kuzuia upepo, hata kama ni koti jepesi la mvua. Nguo tatu nyepesi hushinda koti moja zito, kwa sababu unaweza kuvua moja kabla ya mlima na kuirudisha kabla ya mteremko.

Maneno hayo, kabla ya, ndiyo yenye kazi. Wengi hufungua jaketi baada ya kulowa na kulifunga baada ya kupoa. Ukitoka nyumbani huku unasikia joto zuri, umevaa kupita kiasi. Dakika kumi za kwanza zinapaswa kuwa na baridi kidogo. Na kama safari ni ndefu, fulana moja kavu iliyofungwa vizuri isilowe ina thamani kuliko koti la pili. Badilisha juu ya mlima, kisha shuka.

Waendeshaji wa mashindano ya zamani walikuwa na ujanja ambao haujapitwa na wakati: walipofika kileleni walipokea gazeti, wakaliweka kifuani ndani ya jezi, wakashuka. Karatasi huzuia upepo, hushika hewa ya joto, na ukifika chini unalitoa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku kwetu, gazeti halijapigwa.

Mikono inahitaji glovu, na kama huna, soksi nene hufaa ilimradi bado unaweza kuvuta breki. Masikio na kichwa vifunikwe kwa kofia ya kufuma. Miguu isibanwe: kuvaa soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana huzuia damu kupita, na vidole vitapoa zaidi kuliko kwa soksi moja.

Kuleni kabla ya kutoka. Uji, viazi, mihogo, chochote chenye nguvu, na kila mtu abebe kitu cha kutafuna njiani. Mwili unaotetemeka unachoma chakula haraka, na kikiisha hauwezi tena hata kutetemeka. Pombe iachwe kabisa. Inampa mtu hisia ya joto kwa sababu inapanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, na joto lililokuwa likilinda moyo na mapafu linatoka nje.

Mwenzenu akinyamaza

Joto la kawaida ndani ya mwili ni karibu nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, madaktari huita hali hiyo hipothemia, yaani mwili kupoa kupita kiasi. Inaweza kumpata mtu kwenye hewa ya nyuzi 10 ikiwa amelowa na kuna upepo. Ubaya wake ni kwamba huanza na kichwa: anayepatwa hawezi kujitambua. Ataambiwa na wengine, au hataambiwa.

Mwanzoni anatetemeka sana na vidole vinakataa kazi ndogo kama kufunga zipu. Kisha maneno yanakuwa mazito kama ya mlevi, anajikwaa, anayumba barabarani, anajibu swali ambalo halikuulizwa, au ananyamaza kabisa na kubaki nyuma. Huyo aliyekuwa akiimba tangu asubuhi na sasa kanyamaza, mwulizeni jina la kijiji mnachopita. Dalili mbaya zaidi ni hii: anaacha kutetemeka wakati hajapata joto. Wenzake hudhani amepata nafuu. Hajapata, nguvu za kutetemeka zimekwisha.

Akionyesha dalili hizo safari yake ya baiskeli imekwisha kwa siku hiyo. Mwondoeni penye upepo, mwingizeni ndani ya nyumba yoyote iliyo karibu. Mketisheni juu ya gunia, majani makavu au begi, kwa sababu ardhi nayo hunyonya joto. Mvueni vilivyolowa, mvisheni vikavu, mfunikeni blanketi pamoja na kichwa. Mwenye mwili wa joto anaweza kukaa naye ndani ya blanketi moja. Kama ana fahamu zake na anameza vizuri, apewe chai ya uvuguvugu yenye sukari nyingi, na chakula.

Msimsugue mikono na miguu, na msimsogeze jikoni aote moto kwa vidole vyenye ganzi. Ngozi isiyo na hisia huungua bila mwenyewe kujua. Joto lianzie kifuani. Kama amechanganyikiwa, anasinzia, au ameacha kutetemeka, mlazeni na mbebwe wake uwe wa taratibu, bila kumtikisa, kwa kuwa moyo uliopoa hushtuka kirahisi. Tafuteni gari la kumpeleka kituo cha afya mara moja.

Neno moja kuhusu jiko la mkaa. Kila kipupwe watu huingiza jiko chumbani, wakafunga mlango na dirisha ili joto lisitoke. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na huua watu usingizini. Mwenzenu aliyepoa msimweke chumba cha namna hiyo. Blanketi na chai vitamfaa, na jiko libaki nje au penye mlango na dirisha vilivyo wazi.

Breki, ukungu na aliyepakiwa

Baiskeli nyingi za vijijini zina breki za fito za chuma zinazobana rimu. Rimu ya chuma ikilowa, mpira wa breki huteleza, na unaposhika mara ya kwanza hupati kitu. Kwenye manyunyu gusa breki kidogo kidogo tangu mwanzo wa mteremko ili kufuta maji, na kila mmoja aache nafasi kubwa nyuma ya mwenzake kuliko siku za jua. Kabla ya kushuka, kila mtu ajipime: gusisha ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole cha mwisho cha mkono ule ule. Ukishindwa, mikono hiyo haiwezi kushika breki. Iweke kwapani mpaka irudi, au shuka ukikokota.

Kwenye ukungu nendeni mstari mmoja. Wa mwisho avae nguo ya rangi kali na awe na taa nyekundu au angalau rifleta safi. Taa za dainamo hufifia mnapokwenda polepole, yaani pale pale mlimani ambapo lori linawafuata. Aliye mbele akiona shimo apaze sauti, na neno hilo lipokelewe hadi nyuma.

Mwisho, aliye kwenye keria. Mwanafunzi anayebebwa na kaka yake, mama anayepelekwa kliniki, mtoto aliye mgongoni mwa mama huyo: hao hawasukumi pedali. Upepo unawapata kama unavyompata mwendeshaji, lakini miguu yao haizalishi joto lolote, na mtoto mdogo hupoa haraka zaidi kuliko mtu mzima. Mwendeshaji anaweza kuwa anatoka jasho huku aliye nyuma yake anapoteza fahamu kimya kimya. Kwa hiyo usipime nguo za abiria kwa joto lako. Avae nguo moja zaidi yako, afunike kichwa na miguu, ajibanze mgongoni mwako, na kila baada ya muda umsemeshe. Asipojibu sawasawa, simama.